Ndiva ya Usingizi

Habari hii nilipewa na Nakiete mwenyewe, mke wa Kiangi, msimu ule tangawizi ilipostawi mpaka watu wa Ndolwe wakakosa pa kuianika. Tulikuwa tumekaa uani kwake baada ya chakula cha mchana, tunakwangua maganda kwa vijiko. Anasimulia kidogo, anasinzia kidogo, kijiko kinamponyoka, anazinduka na kuendelea pale pale alipoachia. Sikumharakisha. Kila aliposinzia nilimtazama kama unavyomtazama mtoto anayejaribu kusimama dede, maana nilijua kusinzia kule kulikotoka.

Mwaka yalipotokea haya mimi nilikuwa kwa binti yangu Kigoma. Ndiyo maana usingizi wangu haumo mwilini mwake. Wa watu wengine wa Ndolwe umo, karibu wote.

Ugonjwa ulimwanza kama mzaha. Kwanza alikuwa anaamka mapema kuliko wenzake, na mumewe akamsifu. Halafu akawa halali kabisa. Alisema alikuwa akijilaza anajiona kama mtu aliyeegemea mlango uliofungwa kwa ndani: anausikia usingizi uko upande wa pili, anasikia hata joto lake, lakini hafunguliwi. Akaanza kukonda. Akaanza kusahau majina ya watoto wake mwenyewe, kutia chumvi kwenye chai, kuongea na mtu asiyekuwepo. Kwao wanaujua ugonjwa huo. Mama yake alikwenda nao, na mjomba wake pia, na kila aliyekwenda nao alikwenda macho makavu, yamefumbuka.

Kiangi hakungoja. Alimpakia kwenye punda wa chuma, zile mashine za miguu minne zinazopandisha mbolea mashambani, akamfunga kwa kanga asianguke, wakateremka hadi Nyumba ya Usingizi.

Nyumba yenyewe mnaijua wengi, ile yenye paa linalokunywa umande. Lakini Nakiete alikuwa hajawahi kuingia ndani, na kilichomshangaza kwanza si mitambo, ni meza. Alizoea hospitali za kutumwa mlango hadi mlango, kila mlango unasimulia upya. Pale wote walimjia yeye kwa pamoja wakakaa naye meza moja: daktari wa ubongo, daktari wa pumzi, mama mmoja mpole wa mambo ya nafsi, mtu wa chakula, na fundi mitambo kijana wa Usangi aitwaye Kajiru. Mkubwa wao alikuwa Daktari Nanzia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Wakamuuliza utotoni alilala na nani, upande gani wa kitanda, anakula nini jioni, nani amemuudhi, nani amemfia. Kiangi akanong'ona kwamba hata wazee wa posa hawakumuuliza hivyo.

Walipomaliza, Kajiru akamfumia mkeka. Ni wa katani, lakini kati ya nyuzi zake zimepita nyuzi nyingine nyembamba kuliko unywele, nazo zinasikia: moyo, pumzi, joto la miguu, na vile ubongo unavyopwita. Mkeka wa mtu ni kama miwani, haumfai jirani. Mwenyewe akiulalia unamjifunza, na kila ukimjifunza unabadilisha joto lake na mtetemo wake umfae zaidi. Watu wengi pale wanapona kwa mkeka peke yake.

Wake ulimjifunza ukafika mwisho. Daktari Nanzia akamwambia bila kuzunguka kwamba ndani ya kichwa pana mahali usingizi unapochimbuka, kama chemchemi, na ya kwake inakauka. Ikikauka kabisa, mwili hauna muda mrefu. Mkeka unaweza kuyaongoza maji yaliyopo. Hauwezi kuyaumba.

"Lakini maji yanaweza kuletwa kutoka kwa mwingine," Kajiru akasema, na daktari akamtazama kama mtu aliyetoa siri mapema mno.

*

Hapo ndipo ilipoingia ile mashine ambayo hata leo nikiipita nanyamaza.

Wapare wenzangu wanajua ndiva, lile lambo juu ya mfereji. Maji hayatoshi kumwagilia yakija kidogo kidogo, kwa hiyo usiku kucha yanakusanywa humo, na asubuhi lango linafunguliwa yatoke kwa nguvu, yafike mpaka shamba la mwisho. Kajiru alilelewa akicheza kwenye ndiva ya babu yake. Alipotengeneza mashine yake ya kukusanya usingizi hakutafuta jina mbali.

Inafanya kazi hivi, nami nasema nilivyoelezwa. Mtu mzima analala kwenye mkeka wake. Anapofika kwenye ule usingizi wa chini kabisa, ambao hata ukimwita hasikii, mashine inauteka mwendo wake na kuupitisha kwenye mitungi mirefu ya kioo iliyojaa kitu cheupe kama maji ya mchele. Ukitazama ndani unaona mawimbi yanapanda na kushuka polepole, polepole, na huwezi kuondoa macho. Aliyetoa anaamka amechoka kama mtu aliyekesha, siku ya pili anakuwa sawa. Asubuhi lango linafunguliwa na mgonjwa anaulala usingizi ule. Haukai zaidi ya asubuhi hiyo, unachacha. Na mtu mmoja hawezi kutoa mfululizo, ataugua yeye. Wanahitajika wengi, wa kupokezana, mpaka chemchemi ya mgonjwa ikumbuke kazi yake, kama itakumbuka.

Kiangi alisema atatoa yeye. Wakampima, wakamwambia hana. Ule wa kwake alikwisha umaliza kwa kumlinda mkewe.

Basi akaenda kwa kaka yake, Sifueli. Huyu ndiye mgawa maji wa Ndolwe, mjane wa siku nyingi, mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya sufu haivui hata kwenye jua. Ndiye anayejua zamu ya kila shamba, na ndiye anayepiga pembe ya msaragambo. Kwetu pembe ikilia hakuna anayeuliza ni kazi gani. Unachukua jembe unakwenda, iwe barabara imekatika au nyumba ya mjane imeezuka. Aliyebaki nyumbani bila sababu atasemwa na watu mwaka mzima.

Sifueli akapiga pembe. Watu wakaja na majembe, na sururu, na beseni. Akawaambia leo warudishe majembe, walete usingizi.

Nakiete alisema walicheka kwanza, kisha wakapanga mstari. Kila mmoja aliulizwa na Daktari Nanzia kama analala vizuri, kama anakoroma, kama anaamka na kichwa kinauma. Wengine walijisifu kama wanasifu ng'ombe. Mama Nakadori alimwambia daktari asimchukue mumewe, kwamba usingizi wa yule bwana una kelele, utamuua mgonjwa kwa aibu. Mumewe akajibu kwamba kelele anazileta Mama Nakadori kwa kuongea, yeye anakoroma ili asisikie. Sifueli alikuwa wa kwanza mstarini. Alipoulizwa alisema analala fofofo, akasogea mbele kabla swali la pili halijaisha. Mtu aliyepiga pembe angerudishwa vipi mbele ya watu wote? Wala daktari hakumsimamisha. Nyuma yake mstari ulikuwa umefika hadi kwenye daraja. Lakini zamu za kutoa daktari alizipanga mwenyewe kwa siri, si kwa mstari.

*

Asubuhi ya kwanza lango lilipofunguliwa, Nakiete alikuwa amelala chali, anatazama dari, hategemei kitu. Akasikia vidole vya miguu vinapata uzito. Uzito ukapanda magotini, ukapanda tumboni, mzuri, wa uvuguvugu. Akataka kumwambia Kiangi kwamba mlango umefunguliwa, ila ulimi ulikuwa umekwisha lala.

Nje, watu walikuwa wamesimama kando ya ukuta wa kioo. Wanasema Kiangi alipiga magoti akaweka sikio karibu na pua ya mkewe, akakaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Ndoto za watu hazikuja, wala maneno yao. Daktari alikwisha sema hazitakuja. Kilichokuja ni miili, na kwa miili hiyo alimtambua mtoaji, maana madaktari hawakutaja majina. Siku alipolala usingizi wa binti mmoja aliyejifungua karibuni, aliamka mkono wake unapapasa pembeni kutafuta kichanga. Siku ya mwalimu wa kwaya, aliamka anapumua kutoka tumboni, kifua hakitikisiki. Alipoamka kutoka usingizi wa Mama Nakadori alijikuta amekunja ngumi, na alipomweleza mwenyewe walicheka wote wawili mpaka machozi. "Nilikuwa najua sura zao," aliniambia. "Sikujua walivyo wakiwa hawajijui. Wote ni wapole, dada. Hata wakorofi. Huko chini hakuna mkorofi." Alisema hivyo akaacha kukwangua kabisa.

Lakini chemchemi ilibaki kavu. Alilala asubuhi kwa maji ya watu, jioni akarudi kwenye mlango wake uliofungwa. Na watu wa Ndolwe si wengi hivyo.

Ndipo ikaja asubuhi moja ambayo haikufanana na nyingine.

Alishuka haraka, kama anayevutwa miguu. Usingizi ule ulikuwa mzito kuliko wote, na mara, katikati, pumzi ikakatika. Koo lilijifunga. Akawa chini ya kitu, anatafuta juu, hakuna juu, moyo unapiga kama mtu anayegonga bati. Kisha koo likafunguka kwa mkwaruzo na akadidimia tena, chini zaidi ya pale pa kwanza, kwa kiu kubwa. Kisha likajifunga tena. Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Alipozinduka, kabla hajafumbua macho, mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka wenyewe mbele ya mdomo, vidole vimeshika hewa, mashavu yamejaa.

Mashavu ya mtu anayepuliza pembe.

*

Daktari Nanzia alikuja na wenzake wote, wakakaa meza ile ile, na safari hii hawakuwa na sauti moja. Chemchemi ilikuwa imedondosha. Tone tu, lakini tone la kwake mwenyewe. Usingizi wa mtoaji huyu ulikuwa na nguvu kuliko wa wote kwa sababu yeye mwenyewe ana kiu nao: koo linamzibika akilala, anaamshwa bila kujua, na kila akipata nafasi anazama kwa pupa. Ile pupa ndiyo iliyoigusa chemchemi. Wangeuchukua tena na tena kwa muda, pengine ingeamka. Lakini moyo wa mtoaji umechoka na kule kukatika, na kila wanachochota kwake kinamsogeza kwenye ukingo. Wakimtibu, koo litafunguka, pupa itaisha, na usingizi wake utakuwa kama wa watu wengine, ambao umeshindwa.

Walikwisha mwita mtoaji wakamweleza. Alisema hataki kutibiwa mpaka mgonjwa apone. Alisema wachukue.

Daktari wa pumzi alisema kuendelea ni kuua mtu kwa mkono wa shukrani. Yule mama wa mambo ya nafsi aliuliza ni nani wao wamkataze mtu mzima kutoa kilicho chake, na huku wanajua kumkatalia ni kumzika mwingine. Mwishoni Daktari Nanzia alisema hawezi kuamua juu ya miili miwili kwa kuuliza mmoja tu. Ndiyo maana wamekuja kwake. Jina hawatamtajia.

Nakiete hakuwaambia kwamba jina analo. Aliomba mkongojo.

*

Alimkuta Sifueli kwenye ukingo wa ndiva ya maji, anatoa majani yaliyoziba lango. Alimwamkia, naye akaitikia bila kugeuka, akasema kumbe madaktari nao wana midomo.

"Hawakunitajia," Nakiete akasema. "Uliniambia wewe." Akainua mkono mbele ya mdomo, akajaza mashavu.

Sifueli alicheka mpaka akakaa chini. "Basi umelala usingizi wangu, shemeji. Kiangi akisikia tutapelekana barazani."

Nakiete hakucheka naye. Alikaa, akasubiri pumzi yake itulie.

"Shemeji, mle ndani nilikufa. Nikafufuka, nikafa tena. Unalala hivyo siku zote?"

Sifueli alitupa majani kando. Alikuwa anatazama maji. Akasema tangu mkewe aondoke hakuna aliyekuwa karibu wa kumwambia analalaje. Alikuwa anaamka na kichwa kizito, na mchana akikaa tu anapotea. "Nilidhani ndio uzee," akasema.

Kisha akamwambia arudi akapumzike, jambo limekwisha, mwenye kitu akikitoa kwa moyo wake anayepokea hana la kusema. Yeye hana mke, hana mtoto mdogo. Nakiete anao.

Nakiete aliniambia kwamba alitamani kukubali. Hakunificha. Lile tone moja alikuwa bado analisikia kichwani, tamu, na mwili wake wote ulikuwa unasema chukua. Na hapo hapo alikuwa anasikia koo la yule mzee linavyofungwa.

"Mgawa maji, nikuulize," akasema. "Wawili wakigombea, zamu ya kwanza ni ya nani?"

Sifueli aliona anakopelekwa. Hata hivyo ni mtu aliyejibu swali hilo maisha yake yote, hakuweza kulijibu vingine. "Ya shamba linalokauka."

"Na nani anayepima?"

"Asiye mwenye shamba."

"Twende basi tukapimwe, wote wawili. Nikiwa mimi mkavu zaidi, nitachukua na sitakuuliza kitu. Ukiwa wewe, utatibiwa kwanza."

"Na ukikauka ukinisubiri?"

"Nitakuwa nimekauka kwenye zamu yangu."

Walishika njia pamoja, yeye na mkongojo, Sifueli nyuma yake akihema.

*

Mikeka ilisema mchana ule ule. Daktari Nanzia alisoma, akampa daktari wa pumzi asome, akasoma tena. Kisha akamwendea Sifueli, akamwita baba, akamwambia yeye ndiye shamba linalokauka. Chemchemi ya Nakiete bado ina siku. Moyo wake yeye hauna uhakika wa kesho.

Sifueli akavua kofia. Watu waliokuwepo walisema ndiyo mara ya kwanza kukiona kichwa chake.

Alikuwa na ombi moja. Kwenye ndiva, maji yanayofurika juu ya ukingo hayana zamu, anayachukua yeyote aliye chini. Kama akitibiwa usingizi wake ukafurika, hata kidogo, wampe shemeji yake kile kinachomwagika. Madaktari wakatazamana. Daktari wa pumzi akasema inawezekana, koo lililozibwa kwa miaka likifunguliwa, usingizi wa kwanza huja kama gharika. Kajiru akaweka taa juu ya lango: nyekundu, na usingizi ukifika kwenye ukingo itakuwa kijani. Bila kijani, hakuna atakayegusa. Nakiete akakubali hilo tu.

Wakamwekea Sifueli kidude chini ya kidevu, kama punje ya harage, kilichotengenezwa kwa kipimo cha koo lake. Kazi yake ni kulishika koo wazi, basi. Akalala kwenye mkeka wake, Nakiete kwenye wa kwake kando yake, Kiangi kwenye benchi mlangoni, Daktari Nanzia na Kajiru mezani. Nje mvua ya mchana ilikuwa inaanza na paa linaipokea bila sauti.

Sifueli alifumba macho akiwa bado anamtania Kajiru. Neno la mwisho halikuisha.

Pumzi yake ikaingia, ikatoka. Wote walikuwa wanangoja ikatike. Nakiete ndiye aliyengoja kuliko wote, maana alijua ndani inavyokuwa; alikuwa amekaza koo lake mwenyewe kumsaidia. Ikaingia, ikatoka. Pale alipozoea kufa, hapakuwa na kitu, palikuwa na hewa. Ikaingia ndefu zaidi, ikatoka kama mtu anayetua mzigo baada ya kupanda mlima mzima. Kwenye mitungi mawimbi yakaanza kuinuka, marefu, meupe, na chumba chote kikawa kinapanda na kushuka nayo.

Wa kwanza alikuwa Kajiru. Kichwa kilianguka kwenye mikono, taratibu, mitambo ikaendelea kujilinda yenyewe kama alivyoifundisha. Daktari Nanzia alimtazama, akatabasamu, akataka kumwamsha, akaweka shavu mezani kidogo tu. Mlangoni Kiangi, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu mkewe aanze kuamka mapema, aliegemea ukuta na viatu vyake, mdomo wazi, akaenda.

Akabaki Nakiete peke yake, macho, katika nyumba ya watu waliolala. Alisema hakuwahi kusikia kitu kikubwa hivyo. Pumzi nne, kila moja na njia yake, na ya Sifueli chini ya zote, inakwenda tu, inakwenda, haikatiki. Alilegeza koo. Hapakuwa na wa kumsaidia tena. Akageuza uso kutazama taa ya lango, na taa ilikuwa bado nyekundu, lango limefungwa, hakuna tone la mtu yeyote lililokuwa likimjia.

Vidole vyake vya miguu vikapata uzito.

Alitaka kumwita daktari amwonyeshe. Uzito ukapanda magotini, ukapanda tumboni, na haukuwa wa Mama Nakadori, wala wa mwalimu, wala wa mzazi yule. Aliutambua kama unavyotambua harufu ya nyumba ya kwenu. Mlango ukasogea kwa ndani. Akageukia ukutani, upande alioulalia tangu utoto, akalala.